Simenti ya Papa, Jino la Mama

Kwa muda wa miaka mitatu wazazi wangu walibishana juu ya jambo moja: kati yao wawili, nani aliyepata shambulio la moyo la kweli. Walibishana wakila, wakitembea, wakitoka kanisani, na mara moja mbele ya mchungaji mgeni aliyekuja kuwaombea, ambaye alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Sisi watoto tulikuwa tunakaa pembeni tukisikiliza kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Hakuna aliyetaka waache. Watu wawili wanaoweza kubishana hivyo ni watu wawili walio hai, na ilikuwa nusura tuwakose wote.

La Papa, baba yetu, lilikuja kwanza.

Papa alikuwa mwashi. Ukimsikiliza yeye, nusu ya nyumba za matofali za mtaa wa Ngezi zilisimama kwa mikono yake, na zile zenye nyufa zilijengwa na watu wengine. Alipoacha kazi alibaki na kwaya ya kanisa, na huko alikuwa na sauti ya chini kabisa, ile inayotetemesha benchi ulilokalia. Jumamosi moja alasiri walikuwa kwenye mazoezi, wakiimba wimbo ambao besi wanashika noti moja ndefu huku sauti nyingine zikipanda. Noti ikakatika. Kiongozi wa kwaya aligeuka ili amkaripie, akamkuta Papa ameshika kifua kwa mikono miwili, uso umekuwa rangi ya jivu na shati limelowa kana kwamba amenyeshewa. Neno pekee alilotoa lilikuwa "simenti".

Baadaye alieleza. Alisikia kama mtu amemlaza chali akamwekea mfuko wa simenti kifuani, na kabla hajaulizwa kama unatosha, mtu huyo akaongeza wa pili. Kisha maumivu yakashuka mkono wa kushoto mpaka kwenye kidole kidogo. Waimbaji wote arobaini walijua ni nini kabla hajafika sakafuni. Huku kwetu watu wengi husema roho wanapotaka kusema moyo, na niliambiwa kanisa zima lilisema kwa sauti moja: ni roho. Wakampakia kwenye gari la mchungaji, na jua lilikuwa bado juu alipofika hospitali.

Nilimkuta kitandani, waya zimebandikwa kifuani, na daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya polepole, akimuuliza maswali. Kifua kinauma? Ndiyo. Mkono? Ndiyo. Taya je? Hapana. Mgongo, katikati ya mabega? Hapana. Kichefuchefu? Hapana. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji na nikajiuliza kwa nini mtu mwenye mifuko miwili ya simenti kifuani anaulizwa habari za taya. Sikuuliza. Mashine inayochora mapigo ya moyo, ambayo wauguzi waliiita elektro, ilitoa karatasi yake ndefu, daktari akaitazama, na mambo yakaenda haraka.

Papa alikaa hospitali siku kumi na moja. Alirudi nyumbani mwembamba, na alirudi akiwa mtu maarufu. Wageni walikuja na mananasi na kuku, naye aliwapokea kwenye kiti chake na kuwaonyesha hatua kwa hatua: hapa nilikuwa naimba, hapa nikashika kifua, hapa nikaanguka. Ikiwa mgeni alichelewa, alianza upya. Mama alipita na sinia la chai akisema kwamba ikiwa ataanguka mara moja zaidi kwa ajili ya wageni, kiti kitavunjika.

Mama sasa. Mama alikuwa anauza samaki wa chumvi katika soko la Nyakasanza, samaki wanaopanda kutoka ziwani. Aliianza kazi hiyo mwaka tuliofika Bunia kutoka kijijini kwetu Djugu tukiwa na magodoro mawili na sufuria, na toka siku hiyo sikuwa nimemwona ameketi mchana. Alikula amesimama. Aliomba amesimama. Hata mimi nilipoolewa, picha zote zinamwonyesha amesimama nyuma ya mtu, akiangalia kitu fulani jikoni.

Ndiyo maana niliporudi kutoka shuleni ninakofundisha, Jumanne ya juma la harusi ya mdogo wangu, na kumkuta ameketi juu ya kigoda akichambua maharage, niligutuka. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema amechoka kidogo. Jumatano alikuwa amechoka zaidi na taya inamuuma, upande wa kushoto, chini ya sikio. Akasema ni lile jino la zamani.

"Mutoto yangu, ni jino tu," aliniambia. "Nitatafuna karafuu, itaisha."

Alhamisi chakula kilimkataa. Alisema tumbo linampanda. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu, wakapima malaria, hakuna malaria, wakampa vidonge vya tumbo na kumwambia apunguze mawazo kwa sababu ya harusi. Lilikuwa jambo linaloeleweka kabisa. Mama yeyote anayemwoza binti ana taya iliyokaza na tumbo linalopanda. Hata mimi nililala vizuri usiku huo.

Ijumaa, saa sita mchana, uani kwetu palikuwa na wanawake kama ishirini. Wengine walitwanga sombe, yale majani ya muhogo, wengine walimenya ndizi, na mshindo wa sauti zao ulifika barabarani. Mama alinyanyuka ili aonje kitu kwenye sufuria, akasimama katikati ya njia. Aliweka mkono mmoja nyuma, katikati ya mabega, na mwingine shavuni. Nilimgusa shingoni. Alikuwa na jasho, na jasho lenyewe lilikuwa la baridi, ingawa alikuwa ametoka karibu na moto.

Papa alikuja kuona. Alimtazama kama fundi anavyotazama ukuta wa mwenzake.

"Hiyo haiko roho," alisema. "Mutu wa roho anashika kifua. Miye nilishika. Yeye iko anashika shavu."

Mama alikubaliana naye mara moja, na hilo peke yake lilipaswa kutushtua sote. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwenye kile chumba cha hospitali na chupa yangu ya maji. Taya je? Mgongo, katikati ya mabega? Kichefuchefu? Yale maswali matatu ambayo Papa alijibu hapana yalikuwa yamesimama mbele yangu, kwenye mwili wa Mama, yote kwa pamoja.

Nilijua kwamba nikitaja moyo, hatakwenda. Angesema nani ataangalia sombe, na Papa angemuunga mkono. Basi nilidanganya. Nilimwambia kwamba kesho kuna nyama, na kwa taya ile hataitafuna, na wageni watasema mama wa bibi harusi ameringa. Twende wamng'oe jino, nusu saa tutakuwa tumerudi. Akafikiri kidogo. Akamkabidhi shangazi yangu mwiko, akaniambia nichukue kitenge kizuri, maana hawezi kung'olewa jino akiwa na nguo ya jikoni.

Hapakuwa na gari. Tulipanda pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimkumbatia. Alimwelekeza dereva mashimo ya kukwepa na wakati huohuo alinielekeza mimi: soda zipo chini ya kitanda, ufunguo wa kabati upo kwa shangazi, mchele usioshwe mapema. Tulipokaribia hospitali akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuwa karibu hivyo na Mama aliyenyamaza, na nilimwomba Mungu amrudishie orodha yake.

Bahati ilikuwa zamu ya daktari yuleyule. Nilimnong'oneza mlangoni. Yeye hakushangaa hata kidogo, wala hakunicheka kwa uwongo wangu; alimlaza Mama na kuita mashine. Mama alifungua kinywa wazi, tayari kwa koleo. Muuguzi akaanza kumbandika waya kifuani.

"Dokta," Mama alisema bila kufunga kinywa vizuri, "jino iko huku juu."

Daktari alisoma karatasi. Kisha alimshika Mama mkono, akamwambia kwa ile sauti yake ya polepole, "Mama, jino yako iko nzima. Ni roho ndiyo inauma. Sasa tafuna hii dawa, usimeze tu, na usinyanyuke."

Mama aliniangalia. Nilitegemea hasira. Alisema tu kwamba mimi ni mwongo kama babangu, akatafuna kidonge, akalala. Mkono wake haukuniachilia mpaka walipomfikisha kwenye wodi.

Nje, kwenye baraza, daktari alinieleza kile ambacho nilikuwa sijauliza mwaka mmoja kabla. Alisema mishipa ya fahamu inayotoka kwenye moyo inaingia mwilini kwa njia moja na ile ya taya, ya mkono, ya mgongo na ya tumbo la juu. Ubongo unapokea habari kwamba kuna shida, lakini hauambiwi wazi ni mlango gani umebishwa. Wengi, wanaume kwa wanawake, husikia kifua. Lakini wanawake, kuliko wanaume, huja pia na mambo mengine kama haya ya Mama: uchovu wa siku kadhaa, kichefuchefu, taya, mgongo, pumzi fupi. Na wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawasikii maumivu popote. Wanakaa nyumbani, alisema, wanatibu tumbo, wanatibu malaria. Akaniuliza nani aliutambua ugonjwa wa Mama. Nilisema ni yeye, kwa maswali yake. Alicheka, akasema atayauliza mpaka atakapostaafu.

Nilirudi uani na habari, na wanawake ishirini wakaweka michi chini. Mdogo wangu alitaka harusi iahirishwe. Tukamtuma mtu hospitali, na jibu la Mama likarudi kutoka chini ya barakoa ya hewa: sombe imekwisha kutwangwa, mahali pa kuiweka hakuna, mutoto aolewe.

Kwa hiyo aliolewa. Na siku ile, walipotoka kanisani, badala ya kwenda kupiga picha, bibi harusi na bwana harusi waliongoza magari kuelekea hospitali. Muuguzi mkuu alikuwa ameruhusu watu wawili na dakika kumi. Mdogo wangu aliingia wodini na gauni lake refu, akilinyanyua ili lisiguse waya, na wagonjwa wa vitanda vyote wakaketi. Mama alikuwa amemlazimisha muuguzi amfunge kitenge cha sherehe juu ya nguo ya hospitali, na kilemba pia. Alikuwa amelala kitandani, lakini kichwani alikuwa kwenye harusi. Mwanamke wa kitanda cha pembeni, ambaye hatukumjua, alipiga vigelegele vya kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia wengine. Kwaya ilibaki nje chini ya dirisha, ikaimba polepole kama walivyoagizwa. Nilisikia besi ya Papa ikishika noti ndefu, na safari hii ilifika mwisho.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mama alipopona, Papa hakukana kwamba alikuwa mgonjwa, lakini hakukubali kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja. Kwake, shambulio la moyo lilikuwa na utaratibu wake: kifua, mkono, kuanguka. Lile la Mama aliliita nusu. Alisema labda mashine ilichoka.

"Yako ilikuwa ya kelele," Mama alimjibu. "Yangu ilikuja na heshima."

Katika mambo mengine walikubaliana vizuri. Walimeza vidonge vyao pamoja asubuhi, kila mmoja akimchunga mwenzake. Daktari aliwakataza chumvi, jambo lililomchekesha kila mtu sokoni, kwa kuwa Mama aliendelea kuuza samaki wa chumvi huku nyumbani akipika chakula ambacho Papa alisema kina ladha ya karatasi. Na kila alfajiri, jua likianza kutoka, walitembea kutoka nyumbani kuelekea mtaa wa Bigo na kurudi. Mama alikuwa mbele. Papa alikuwa hatua mbili nyuma, akitoa hoja.

Katika njia hiyo kulikuwa na karakana ya seremala, mzee wa umri wao, mpole, mwenye kisukari cha miaka mingi. Kila siku walisalimiana. Asubuhi moja, mwaka jana, walimkuta ameketi juu ya mbao, mlango wa karakana umefunguliwa nusu. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na paji la uso lilikuwa linang'aa kwa jasho, wakati hewa ya saa hiyo bado ilikuwa ya kuvaa sweta. Alisema toka jana hawezi kulala bila mito mitatu. Alifikiri ni vumbi la mbao.

Papa alimuuliza pahali panapomuuma. Hakuna pahali panauma, seremala alisema. Ni pumzi tu inayokosekana. Papa akamuuliza juu ya kifua. Hapana. Mkono? Hapana.

Mama aliniambia kwamba alikuwa na maneno mdomoni lakini aliyazuia makusudi. Alitaka kuona mume wake atafanya nini. Papa alimtazama seremala, kisha akamtazama Mama, muda mrefu, Mama anasema, kama alivyomtazama zamani kijijini siku alipomfuata kisimani. Halafu akavua sweta lake na kumfunika seremala mabegani.

"Simama, tuende hospitali," alisema. "Bibi yangu naye kifua haikumuuma, na ilikuwa roho. Miye nilikuwepo, niliona."

Mama anasema aliposikia hayo alitaka kukaa chini kwa furaha, lakini hapakuwa na wakati. Papa alisimamisha gari la kwanza lililopita, lililobeba mikungu ya ndizi, na wakampandisha seremala mbele na wao wawili wakakaa nyuma juu ya ndizi. Ilikuwa moyo. Daktari alisema angebaki nyumbani siku ile, asingeiona jioni. Seremala alilala hospitali wiki mbili, na aliporudi kwenye mbao zake kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa kiti chenye egemeo kwa ajili ya Mama, cha kukalia sokoni. Anakikalia. Wateja wake wa zamani bado wanasimama kidogo kwa mshangao wanapomwona.

Toka siku hiyo Papa amegeuka. Sasa yeye ndiye anayeuliza watu habari za taya. Anawauliza waimbaji wanaopiga miayo, anawauliza wauza mkaa, alimuuliza mwalimu mkuu wangu aliyekuja kumsalimu tu. Watu wa kwaya wanafunga midomo wanapomwona anakuja.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimpigia simu kumwambia kwamba sitakuja Jumapili, nimechoka.

"Umechoka namna gani?" aliuliza. "Na chakula? Chakula kinaingia?"

Sikuweza kumdanganya. Nilisema asubuhi tumbo linanipanda. Nusu saa baadaye alikuwa mlangoni mwa shule, na Mama nyuma yake, na dereva wa pikipiki nyuma ya wote wawili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita walichungulia madirishani wakati mwalimu wao anachukuliwa. Nilisema nina miaka thelathini na minane tu. Papa alisema moyo hausomi cheti cha kuzaliwa.

Daktari wetu alinifanyia elektro, kwa sababu Papa hakutoka chumbani mpaka alipoiona karatasi. Aliisoma, akasema moyo huu ni mzima kabisa. Kisha akaniuliza maswali mengine, ambayo hakuwahi kumuuliza Papa wala Mama, na mimi nikaanza kuhesabu majuma kwa vidole na kukosea. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Tulikuwa tumeacha kulizungumza, si kwa ugomvi, ila kama watu wanaofunga chumba wasichokitumia. Daktari alinituma maabara na kikombe kidogo. Aliporudi na jibu hakulisema kwa ile sauti yake ya polepole.

Mama aliketi chini, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Papa alitoka barazani, na nikamsikia akiwatangazia wagonjwa waliokuwa wakisubiri foleni kwamba yeye alijua toka mwanzo kuna kitu.

Mume wangu ni fundi wa magari. Nilimpigia nikiwa nimeegemea ukuta wa hospitali, juani. Kulikuwa na kelele za nyundo upande wake na hakusikia vizuri. Nilirudia. Nyundo zikaacha moja moja. Akaniomba niseme tena, na safari hii alikuwa ameweka simu kwenye sauti kubwa, kwa sababu nilipomaliza nilisikia karakana nzima ikipiga makofi.